Elimu ya Kompyuta Yaweza Kuanzia Ubaoni

Si jambo geni kusikia mkuu wa shule ya sekondari akisema kwamba masomo ya kompyuta yataanza mara mashine zitakapowasili. Mashine zinakawia, na pengine zikifika, umeme haupo. Wanafunzi wa kidato cha nne wanahitimu na kwenda zao, nao wanaowafuata wanaambiwa wasubiri vile vile. Sisi tunaona kwamba kusubiri huko ni hasara kubwa kuliko ukosefu wa mashine zenyewe, kwani ujana haurudi.

Historia inatupa mfano ulio bayana. Mnamo tarehe 1 Septemba 1985, shule za sekondari za Umoja wa Kisovieti, dola iliyovunjika mwaka 1991, zilianza kufundisha misingi ya elimu ya kompyuta katika madarasa ya tisa na ya kumi. Mtetezi mkuu wa mpango huo alikuwa mwanasayansi Andrei Ershov wa Novosibirsk, huko Siberia. Mwaka 1981, katika mkutano wa kimataifa mjini Lausanne, Uswisi, alikuwa ametoa hoja kwamba kutunga programu ni kisomo cha pili kwa binadamu wa zama hizi.

Wakati huo shule nyingi za nchi hiyo hazikuwa na kompyuta hata moja. Hata hivyo somo lilianza. Walimu wa hisabati na fizikia walipewa mafunzo ya muda mfupi, kitabu cha kiada kikachapishwa, na wanafunzi wakaandika programu katika madaftari yao. Tena waliziandika kwa maneno ya Kirusi yaliyofupishwa, si kwa Kiingereza.

Je, pasipo mashine hufundishwa nini? Hufundishwa algorithimu, yaani mpangilio wa hatua zilizo wazi, zisizo na utata, na zenye kikomo. Sisi askari tunalielewa jambo hili upesi. Katika shule ya makadeti tulifunzwa kwamba amri yenye maana mbili yaweza kukipoteza kikosi kizima. Kompyuta ni kama kuruta mtiifu asiyejua kukisia: hutenda ulilotamka, wala si ulilokusudia.

Tuchukue mfano. Mwalimu ana orodha ya majina 1,000 yaliyopangwa kwa alfabeti. Akisoma jina moja moja kuanzia juu, huenda akalipata analolitafuta mwisho kabisa. Lakini akitazama jina la katikati, akaamua kama analolitaka liko kabla au baada ya hapo, akaiacha nusu isiyohusika na kurudia vivyo hivyo, atalipata kwa hatua zisizozidi 10. Kisha na awaulize wanafunzi: je, kama majina hayakupangwa? Hapo watatambua wenyewe kwa nini kuna wataalamu wanaoshughulika na kupanga habari tu.

Uhandisi nao una mlango wake. Betri, taa ndogo, vipande vya waya na swichi mbili vyatosha. Swichi zikifuatana katika waya mmoja, taa haiwaki mpaka zote mbili ziwashwe. Zikiwekwa sambamba, moja tu yatosha. Hiyo ndiyo tofauti ya "na" na "au", na juu ya misingi ya namna hiyo ndipo kompyuta zote zimejengwa.

Hatusemi kwamba mashine hazina haja. Mwanafunzi aliyekosea daftarini hakuwa na wa kumwonyesha kosa ila mwalimu, ambaye naye pengine alikuwa mgeni wa somo. Ershov mwenyewe, aliyefariki mwaka 1988, alitaka kompyuta zifike shuleni, na baadhi zilianza kufika. Ubao ni mwanzo, wala haujawa mwisho.

Hivyo basi, tunawasihi wakuu wa shule, walimu wa hisabati na wazazi: tuidai mashine, lakini tusiifanye kuwa kisingizio. Kipindi kimoja kwa juma, chaki, na lugha ambayo mwanafunzi anaifikiria, vinatosha kuanzia muhula ujao. Siku kompyuta itakapoteremshwa langoni, na iwakute vijana wanaojua la kuiamuru.