KWA NINI CHUMA KISICHOSHIKA KUTU HUHITAJI KUSAFISHWA: MFANO WA BASTOLA NDOGO YA SILINDA

Jina la kitu huweza kumpotosha mtu. Chuma kiitwacho "kisichoshika kutu", ambacho wauza vyombo hukiita stenlesi, kimeenea kila mahali: kwacho hutengenezwa vijiko, sufuria, visu vya wapasuaji na matangi ya viwanda vya maziwa. Kwa ajili ya jina hilo, watu wengi huamini kwamba chuma hiki hakiwezi kuliwa na kutu kamwe, na kwamba hakihitaji matunzo. Kwa mwenye kijiko, imani hiyo haina hasara kubwa. Kwa mwenye silaha, imani hiyo hiyo huweza kuleta hatari, kwani silaha chafu huweza kukwama, na uchafu wake huweza kuingia katika mwili wa mtu na kumdhuru.

Makala haya yanaeleza tabia ya chuma hicho kwa kutumia mfano wa bastola ndogo ya silinda. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu katika kifaa hicho kimoja hukutana joto kali, kanieneo kubwa, chumvi, jasho na metali za namna nyingi. Ndani yake mna somo zima la kemia.

Kutoka mtutu wa bunduki hadi kisu cha mezani

Mwaka 1821 mwanasayansi wa Kifaransa, Pierre Berthier, aligundua kwamba chuma kikichanganywa na kromi hustahimili baadhi ya asidi. Hata hivyo, mafundi wa wakati ule hawakujua namna ya kupata mchanganyiko usiovunjika kwa urahisi, na ugunduzi huo haukutumika sana.

Mwaka 1912, katika mji wa Sheffield huko Uingereza, mtaalamu wa metali aitwaye Harry Brearley alipewa kazi ya kuchunguza kwa nini mitutu ya bunduki huchakaa upesi ndani kwa joto na gesi za baruti. Mwaka uliofuata alitengeneza chuma cha pua chenye kromi karibu asilimia 13. Ilikuwa desturi ya wataalamu kuutia asidi uso wa kipande cha chuma ili uliwe kidogo, kabla ya kukitazama kwa hadubini. Vipande vya Brearley vilikataa kuliwa na asidi hiyo. Brearley alitambua kwamba chuma kinachostahimili asidi kitastahimili pia siki na maji ya limau, na ndivyo chuma kilichotafutwa kwa ajili ya bunduki kilivyoingia kwanza katika visu vya mezani.

Safari ya kurudi kwenye silaha ilichukua nusu karne. Hadi miaka ya 1960, bastola nyingi zilikuwa za chuma cha pua cha kawaida, zikikingwa ama kwa kupakwa nikeli, ama kwa kugeuzwa uso wake kuwa oksidi nyeusi yenye kuelekea buluu. Mwaka 1965 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilianza kuuza bastola iliyoitwa Model 60. Hii ilikuwa bastola ya kwanza ya silinda kutengenezwa kwa wingi kwa chuma kisichoshika kutu. Ilikuwa ndogo, yenye mtutu wa urefu wa karibu sentimita 5 na silinda yenye matundu matano ya risasi. Polisi wengi wa Marekani waliipenda, kwa kuwa waliweza kuibeba chini ya nguo, karibu na mwili, mahali ambapo jasho lilikuwa likiiharibu bastola ya chuma cha kawaida kwa muda mfupi.

Kutu inayolinda

Chuma cha kawaida kikikutana na oksijeni na maji hufanya kutu. Kutu hiyo ni nyepesi, ina vitundu vingi, na hujaa mahali pakubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo hupasuka na kubanduka, ikaacha chuma kipya wazi, nacho huliwa vivyo hivyo mpaka kiishe.

Katika chuma kisichoshika kutu mambo huenda kwa njia nyingine. Kromi iliyomo huungana na oksijeni upesi na kufanya utando wa oksidi ya kromi. Utando huo una unene wa nanomita chache tu, na nanomita moja ni sehemu moja katika bilioni moja za mita. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Ingawa utando huo ni mwembamba kiasi hicho, umeshikamana sana na chuma, hauna vitundu, wala hauruhusu maji na oksijeni kupita. Ukikwaruzwa, kromi iliyofunuliwa huungana tena na oksijeni ya hewa, na jeraha hujifunga lenyewe. Ili utando uwe kamili, yatakiwa kromi isiyopungua kama asilimia 10.5.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Chuma hiki hakilindwi kwa kukosa kuungana na oksijeni. Hulindwa kwa kuungana nayo upesi na vizuri. Kwa hiyo, kitu chochote kinachoizuia oksijeni isikifikie, au kinachoutoboa utando upesi kuliko unavyojifunga, hukiondolea kinga yake.

Vitu vya namna hiyo ni vitatu. Cha kwanza ni kloridi, iliyomo katika chumvi ya mezani, katika jasho na katika maji ya bahari. Kloridi hupenya utando mahali padogo na kuchimba shimo jembamba liendalo chini. Juu huonekana doa dogo tu la rangi ya kahawia, huku ndani chuma kikiendelea kuliwa. Cha pili ni uchafu uliogandamana. Chini yake oksijeni ni haba, unyevu haukauki, na utando uliovunjika hauwezi kujijenga tena. Cha tatu ni chembe za chuma cha kawaida zilizoachwa juu ya uso, kwa mfano baada ya kusugua kwa sufi ya chuma. Chembe hizo hushika kutu zenyewe na kuacha madoa.

Tena, vyuma visivyoshika kutu si vya aina moja. Vijiko vizuri huwa na kromi karibu asilimia 18 na nikeli karibu asilimia 8. Sehemu kuu za bastola huhitaji ugumu, na kwa kawaida hutengenezwa kwa aina yenye kromi pungufu ya hapo, ambayo huweza kukazwa kwa moto kama kisu. Ugumu hupatikana, lakini nguvu ya kupambana na kutu hupungua. Aidha, springi zilizo ndani ya bastola mara nyingi ni za chuma cha pua cha kawaida, nazo hushika kutu bila kuonekana kwa nje.

Yanayobaki baada ya mlio

Risasi moja nzima ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti, na kichwa kinachorushwa. Nyundo ya bastola ikipiga, fataki hulipuka na kuiwasha baruti. Gesi hujaa na kufikia kanieneo ya zaidi ya mara 1000 ya ile ya hewa tunayovuta, kisha kichwa husukumwa nje kwa mwendo wa mita mia mbili na zaidi kwa sekunde.

Katika bastola ya silinda, kati ya silinda na mtutu pana mwanya wa sehemu chache za kumi za milimita, au chini ya hapo. Bila mwanya huo silinda isingeweza kuzunguka. Kila mara risasi ifyatuliwapo, gesi yenye moto hutoka hapo ikiwa imechukua masizi, baruti isiyoungua na chembe za metali. Ndiyo sababu uso wa mbele wa silinda huwa mweusi kabla ya mahali pengine popote.

Mabaki hayo ni ya namna nne, na kila namna ina dawa yake.

Masizi na baruti isiyoungua hulainishwa na mafuta mepesi ya kusafishia, kisha husuguliwa kwa brashi ya nailoni. Punje za baruti zikijikusanya chini ya kitoa maganda, yaani kile kinyota kilicho nyuma ya silinda, risasi hazikai sawasawa, na silinda huweza kukataa kufunga au kuzunguka. Punje chache tu zaweza kuifanya silaha isitumike.

Metali ya risasi hugandamana mwanzoni mwa mtutu. Hiyo hutaka brashi ya shaba. Shaba ni laini kuliko chuma cha pua, kwa hiyo hukwangua risasi bila kuumiza mtutu.

Shaba itokayo katika vichwa vilivyovikwa shaba huondolewa kwa dawa yenye amonia. Amonia, ikisaidiwa na oksijeni, huiyeyusha shaba na kufanya mchanganyiko wenye rangi ya buluu. Kitambaa kitokacho mtutuni kikiwa na rangi hiyo huonyesha kwamba shaba ingalimo. Lakini dawa hiyo haifai kwa bastola iliyopakwa nikeli, kwani hupenya na kubandua tabaka la nikeli.

Chumvi ni mabaki ya nne. Fataki za zamani, hasa za risasi nyingi za kijeshi, zilikuwa na klorati ya potasiamu. Ikilipuka, huacha kloridi ya potasiamu, ambayo ni ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Hapa wengi hukosea, kwa kuwa hupaka mafuta tu. Chumvi haiyeyuki katika mafuta. Huyeyuka katika maji. Mafuta yakipakwa juu yake huifunika tu. Dawa yake ni maji ya moto, kisha kukausha kabisa, na mafuta mwisho. Jasho nalo huondolewa kwa njia hiyo hiyo: kitambaa chenye maji masafi, kisha kitambaa kikavu, kisha mafuta kidogo. Dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini isitumike kamwe, kwa sababu huleta adui yule yule anayetoboa utando.

Mafuta yana kazi nyingine tena. Nyuso mbili za chuma kisichoshika kutu zikisuguana kavu, utando wa zote mbili huvunjika, na metali tupu hushikana na kuraruana. Tone moja la mafuta kwenye mhimili wa silinda huzuia jambo hilo. Mafuta mengi hayafai, kwani hukusanya vumbi na huweza kupenya hadi kwenye fataki na kuiharibu.

Mwili wa msafishaji

Katika Kiswahili neno "risasi" lina maana mbili: kinachorushwa na bunduki, na metali nzito ambayo kwayo hutengenezwa tangu zamani. Maana zote mbili zina hatari. Kichwa cha risasi, na mara nyingi fataki pia, huacha vumbi la metali hiyo katika silaha na mikononi. Vumbi hilo huingia mwilini kwa njia ya kinywa na mapafu, huathiri ubongo, damu na figo, na huweza kukaa katika mifupa kwa miaka mingi. Watoto ndio wanaodhurika zaidi, na hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwao. Kwa hiyo bastola haisafishwi juu ya meza ya chakula wala karibu na watoto. Msafishaji huvaa glavu, hufungua madirisha, hali wala havuti sigara akiwa kazini, na hunawa kwa sabuni anapomaliza.

Hatari nyingine hutangulia zote. Watu wameuawa na silaha zilizodhaniwa kuwa hazina kitu. Kabla ya jambo lolote, mtutu huelekezwa mahali salama, silinda hufunguliwa, maganda na risasi zote hutolewa, na matundu yote matano hutazamwa na kuguswa kwa kidole, moja baada ya jingine. Kisha risasi zote hupelekwa chumba kingine.

Umiliki wenyewe hutawaliwa na sheria za kila nchi. Katika Marekani raia wengi huruhusiwa kuwa na bastola. Katika Uingereza, nchi ya Brearley, bastola nyingi zilipigwa marufuku kwa raia mwaka 1997. Katika Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kumiliki silaha bila leseni. Mwenye leseni ana wajibu wa kuiweka silaha yake mahali palipofungwa.

Jaribio la darasani

Somo hili halihitaji silaha yoyote. Mwalimu achukue msumari wa chuma, kijiko kizuri na kisu kikuukuu cha mezani. Kwanza ajaribu vyote kwa sumaku: ubao wa kisu huvutwa, na kijiko chenye nikeli nyingi kwa kawaida hakivutwi, au huvutwa kidogo mno. Kisha afunge mpira mwembamba kwa kukaza kwenye kijiko na kwenye kisu, na kuvitia vitu vyote vitatu katika glasi za maji ya chumvi. Wanafunzi waandike wayaonayo kila siku kwa wiki tatu.

Msumari utaonyesha kutu mapema. Baada ya wiki hizo, mpira ufunguliwe, na wanafunzi walinganishe chuma kilichokuwa wazi na kile kilichofunikwa, hasa katika kisu. Kutu ikionekana, itafutwe kwanza chini ya mpira, mahali ambapo chumvi ilifika na oksijeni ikapungua. Wanafunzi waulizwe: ni nini kilichokosekana hapo?

Jibu la swali hilo ndilo jibu la makala haya. Chuma kisichoshika kutu hujilinda chenyewe maadamu ni kisafi na hewa yakifikia. Kazi ya kusafisha si kukiongezea chuma nguvu isiyokuwamo, bali ni kuondoa vizuizi ili kinga yake ya asili ifanye kazi.