Fahamu: Massachusetts, ambako mbunge hupatikana kabla ya Novemba

Jimbo la Massachusetts, Marekani, lina viti 9 katika Baraza la Wawakilishi, na vyote vimekuwa mikononi mwa chama cha Democratic tangu uchaguzi wa 1996. Si kwamba Republican hawapo: mwaka 2024 Donald Trump alipata takriban asilimia 36 ya kura huko. Ila wafuasi wao wametapakaa jimbo zima, na kiti cha kila eneo humwendea anayeongoza tu.

Kwa hiyo kivumbi hutimka Septemba, kwenye mchujo wa Democratic. Mwaka 2018 Ayanna Pressley alimbwaga Michael Capuano, mbunge tangu 1999. Kwenye uchaguzi mkuu wa Novemba, Republican hawakusimamisha mtu dhidi ya Pressley. Mwaka 2020 Jake Auchincloss alishinda mchujo uliojaa wagombea kwa takriban asilimia 22, akimpita Jesse Mermell kwa kura zipatazo 2,000. Yaani karibu wanne kati ya watano walimtaka mwingine, na bado akaingia bungeni. Kwangu mimi, hiyo ni kasoro kubwa kuliko chama kimoja kutamba.

Nafuu ipo: sheria ya Massachusetts inamruhusu asiye na chama kupiga kura kwenye mchujo. Hata hivyo, wengi hungoja Novemba, mambo yakiwa yamekwisha.