Asilimia Tano ya Mshahara Mdogo

Tumchukue mfanyakazi wa supamaketi jijini Nairobi anayelipwa kima cha chini cha kibarua wa kawaida, yaani shilingi 16,113.75 kwa mwezi kwa kiwango kilichoanza Novemba 2024, posho ya nyumba ikiwa kando. Tuseme mwajiri wake anampunguzia asilimia 5 ya bei ya kila anachonunua dukani, naye kwa mwezi hununua vitu vya shilingi 4,000. Ameokoa shilingi 200. Sasa mhesabie nauli ya matatu anapotoka zamu ya usiku, mvua inanyesha na makanga wamepandisha bei. Siku tatu nne tu, zile 200 hazipo.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayokosekana kwenye matangazo ya kazi yanayotaja "punguzo kwa wafanyakazi" kana kwamba ni nyongeza ya mshahara. Punguzo linamfaa mtu kwa kadiri anavyonunua, na anayenunua zaidi ni mwenye mshahara mkubwa. Meneja wa tawi anayebadilisha friji na televisheni atavuna maelfu kwa siku moja. Anayepanga unga kwenye rafu atavuna bei ya mkate mara chache kwa mwezi. Wote wamepewa asilimia ileile.

Mbona basi maduka hayaongezi asilimia? Jibu liko kwenye faida ya bidhaa yenyewe. Marks & Spencer ya Uingereza huwapunguzia wafanyakazi wake asilimia 20, na inaweza, kwa sababu sehemu kubwa ya inachouza ina nembo yake, nayo ndiyo inayojipangia faida. Walmart ya Marekani inatoa asilimia 10, lakini kwa miaka mingi punguzo hilo halikugusa sehemu kubwa ya vyakula, isipokuwa matunda na mboga. Supamaketi zetu zinaishi kwa sukari, unga, mafuta ya kupikia na maziwa, bidhaa ambazo faida yake ni nyembamba na ambazo mteja anajua bei yake hadi shilingi ya mwisho. Ukipunguza asilimia 10 hapo, unauza kwa hasara. Ndiyo maana punguzo, likiwapo, huelekea kwenye nguo, vyombo na vifaa vya umeme, huku vyakula vya kila siku vikiachwa nje. Yaani linafunika vile ambavyo mwenye mshahara wa chini hanunui.

Kuna hofu nyingine ambayo wenye maduka hawaisemi hadharani: ukoo. Kadi ya punguzo ikiingia nyumbani, shangazi ana sherehe, jirani ana kibanda, na mzigo wa sukari unatoka dukani kwa jina la mtu mmoja. Kwa hiyo zinawekwa kanuni: kiwango cha juu kwa mwezi, kununua baada ya zamu tu, risiti kukaguliwa na mlinzi mlangoni. Kanuni hizo zina mantiki, ingawa kusachiwa kila jioni kwa ajili ya akiba ya shilingi kumi ni jambo la kuchosha.

Serikali nayo ina lake. Nchini Kenya, marupurupu yasiyo ya fedha hayatozwi kodi mpaka yapite shilingi 60,000 kwa mwaka. Kabla ya marekebisho yaliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2024, kikomo kilikuwa 36,000. Mfanyakazi wetu, mwenye akiba ya 2,400 kwa mwaka, hata hakikaribii. Wanaofaidi nafasi hiyo ni waajiri wengine, wanaonunua vocha za supamaketi kila Desemba na kuwagawia watu wao. Supamaketi inapokea fedha taslimu mapema, bidhaa zinatoka baadaye, na mwenye vocha mara nyingi huongeza zake mfukoni. Kama kuna marupurupu yanayoliletea duka faida ya waziwazi, ni yale yanayotolewa na kampuni za watu wengine.

Jinsi ya kupima thamani ya punguzo iliwahi kuwafikisha Waingereza kwenye mahakama yao ya juu kabisa. Mwaka 1992, katika kesi ya Pepper dhidi ya Hart, walimu wa Malvern College waliokuwa wakilipa sehemu ya tano tu ya karo kwa watoto wao walibishana na watoza kodi: je, walichopata kipimwe kwa wastani wa gharama ya kila mwanafunzi, au kwa kile kidogo ambacho shule iliongeza kutumia kwa sababu yao? Walimu walishinda. Kenya haiendi njia hiyo: sheria huchukua gharama ya mwajiri au bei ya soko, ipi iliyo kubwa.

Hata hivyo, ukitaka kujua maisha ya keshia, acha punguzo utazame makato. Kuna bidhaa alizochukua kwa mkopo katikati ya mwezi, kuna advansi, na kuna shoti, zile fedha zinazopungua kaunta inapofungwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumlazimisha mfanyakazi kutumia mshahara wake mahali fulani, kinga iliyozaliwa na historia mbaya ya maduka ya viwandani na mashambani, ambako mshahara ulirudi kwa tajiri kabla haujafika nyumbani. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au udanganyifu kukatwa kwa yule ambaye mkataba wake unamkabidhi fedha, na inaruhusu makato yote kwa pamoja kufika theluthi mbili ya mshahara. Kwa mtu wetu, theluthi mbili ni zaidi ya shilingi 10,700. Tanzania ni kali zaidi kwa mwajiri: chini ya sheria yake ya mwaka 2004, anayedai hasara lazima aieleze kwa maandishi, ampe mfanyakazi nafasi ya kupinga, na asikate zaidi ya robo ya ujira. Mfanyakazi wa Nairobi angepewa kanuni hiyo ya robo, ingemfaa kuliko punguzo lolote ninalolijua.

Halafu kuna wale ambao mjadala huu hauwahusu kabisa. Nusu ya vijana unaowaona wakipanga rafu au kuonjesha wateja juisi mpya huenda hawajaajiriwa na duka hilo. Wameletwa na watengenezaji wa bidhaa, au na wakala wa ajira. Wanavaa fulana ya kampuni moja, wanaamrishwa na meneja wa kampuni nyingine, na kadi ya wafanyakazi hawana.

Chama cha wafanyakazi kinapoketi na mwajiri, asilimia za punguzo ndizo rahisi kukubaliwa, kwa kuwa hazimgharimu mwajiri kitu kikubwa na zinapendeza kwenye taarifa. Gari la kuwarudisha nyumbani wa zamu ya usiku, chakula cha mchana na utaratibu wa maandishi wa kuchunguza shoti vinahitaji fedha halisi. Hivyo ndivyo vya kuwekwa juu ya orodha, na punguzo lijadiliwe muda ukibaki.