Kuku Anapotaka Kuatamia

Akina mama wa kambi ya polisi ya Naguru, kuku wa kienyeji akigoma kutoka kiotani, akatutumua manyoya na kumdonoa kila amkaribiaye, si mgonjwa. Anataka kuatamia.

Hapo uamuzi ni wenu. Mkitaka mayai ya kula, mtieni katika tenga lililoinuliwa, pasipo majani, hewa ipite chini ya tumbo lake. Mpeni maji na chakula. Kwa kawaida hutulia baada ya siku 3 au 4. Kumchovya majini, kama wafanyavyo baadhi yetu, ni kumtesa bure.

Mkitaka vifaranga, mwekeeni mayai 10 hivi, safi, yasiyozidi siku 7 tangu kutagwa, yote kwa siku moja. Mwaka jana mimi niliyaongeza kidogo kidogo. Mama alipoondoka na vifaranga 3 wa kwanza, mayai yaliyosalia yakapoa, wengine wakafia ndani. Nilikuwa nimekwisha kuwahesabia madaftari ya watoto.

Usiku wa siku ya 7 yamulikeni kwa tochi: lenye mishipa myekundu lina uhai, lililo angavu tupu liondoeni. Siku ya 21 acheni kuchungulia. Kifaranga huanguliwa na akiba ya kiini tumboni, hivyo siku moja bila chakula haimdhuru.

Majuma ya mwanzo wafunikeni kwa tenga, maana mwewe wa Kampala hawaogopi hata sare. Chanjo ya kideri mwulizeni mapema daktari wa mifugo.