Fiksi: Baiskeli Inayomfanya Mwenyewe Awe Fundi

Katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, Nelson Vails alitwaa medali ya fedha katika mbio fupi za baiskeli za uwanjani, nyuma ya Mmarekani mwenzake Mark Gorski. Vails alikuwa kijana wa Harlem, New York, na ndiye Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata medali ya Olimpiki katika mchezo wa baiskeli. Kabla ya kuvaa jezi ya taifa alikuwa tarishi. Kazi yake ilikuwa kupeleka bahasha na vifurushi kutoka ofisi hadi ofisi katika mitaa ya Manhattan, huku akipenya kati ya teksi na mabasi. Jina lake la utani lilikuwa Duma.

Baiskeli aliyoendesha uwanjani siku ile haikuwa na gia za kubadilisha, haikuwa na breki, wala haikuwa na friwili. Ni aina hiyohiyo ya baiskeli ambayo matarishi wa New York waliitoa uwanjani wakaiingiza mjini, na ambayo vijana wa San Francisco, London, Milano na Tokyo walikuja kuipenda kiasi cha kuiunda wenyewe, kipande kwa kipande. Wengi huiita fiksi.

Msomaji anayeijua Phoenix au Hero ameshaijua nusu ya habari hii. Baiskeli hizo ni za gia moja: sproketi moja mbele, moja nyuma, na cheni katikati. Lakini ndani ya sproketi ya nyuma mna friwili, kile kifaa kinacholia tik-tik-tik ukiacha kupiga pedeli mteremkoni, miguu ikapumzika na gurudumu likaendelea kuzunguka. Kwenye fiksi kifaa hicho hakipo. Sproketi imefungwa moja kwa moja kwenye habu, kwa hiyo gurudumu likizunguka, pedeli nazo huzunguka. Ukikaza miguu kinyume, baiskeli inapunguza mwendo. Ukisahau ukajaribu kupumzika, pedeli zitakukumbusha papo hapo.

Mpango huu ni wa zamani kuliko gia tulizozoea. Mashindano ya Tour de France yalipoanza mwaka 1903, mwanzilishi wake Henri Desgrange aliamini kwamba ushindi ni kazi ya misuli, na kwamba gia za kubadilisha ni za watu ambao nguvu zimewapungukia. Kwa miaka mingi washindani walioufikia mlima walishuka, wakalegeza gurudumu la nyuma, wakaligeuza upande wenye sproketi nyingine, kisha wakapanda tena. Kifaa cha kuhamisha cheni kiliruhusiwa katika mashindano hayo mwaka 1937 tu.

Uwanjani baiskeli ya namna hii haikuondoka kamwe. Ndiyo aliyoitumia Marshall Taylor, mzaliwa wa Indianapolis aliyefahamika kama Major Taylor, aliposhinda ubingwa wa dunia mjini Montreal mwaka 1899, zama ambazo Mmarekani Mweusi alifungiwa milango mingi ya michezo. Na ndiyo iliyoshika mizizi Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, pale mbio za keirin zilipoanzishwa katika mji wa Kokura mwaka 1948, watu wakiziwekea dau na sehemu ya mapato ikisaidia ujenzi wa nchi iliyobomoka.

Keirin ina sharti moja lililokuja kuwagusa waunda fiksi wa dunia nzima. Kwa kuwa fedha za watu ziko mezani, hakuna mshindani anayeruhusiwa kunufaika kwa kifaa. Fremu ni za chuma, na fremu, habu, sproketi hata cheni lazima zipitishwe na wakaguzi, ndipo zigongwe muhuri wa herufi NJS. Mafundi wachache wenye kibali humpima mwendeshaji na kumuundia fremu kwa mkono. Mmoja wao, Yoshiaki Nagasawa, aliunda fremu za Koichi Nakano, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio fupi za uwanjani mara 10 mfululizo, kuanzia 1977 hadi 1986. Fremu za keirin zilizotumika zilipoanza kuuzwa nje ya Japani, ziligombewa kama lulu.

Matarishi wa New York, wakiwemo wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi, walikuwa na sababu zao za kuichagua fiksi. Tarishi hulipwa kwa idadi ya vifurushi, na siku anayoshinda kwa fundi ni siku ya njaa. Baiskeli isiyo na gia ina vitu vichache vya kuharibika na vichache vya kuibiwa, na wakati wa baridi haina nyaya nyembamba za kuliwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Kazi yao haikupendwa na kila mtu. Mwaka 1987 meya Edward Koch alitangaza kupiga marufuku baiskeli mchana wa siku za kazi katika barabara tatu kubwa za katikati ya Manhattan. Matarishi waliandamana kwa baiskeli zao, na mahakama ikaizuia amri hiyo kabla haijatekelezwa.

Kuiunda fiksi huanza na fremu. Wenye fedha huagiza mpya. Wengi hutafuta fremu ya chuma ya baiskeli ya mbio ya miaka ya 1970 au 1980. Sababu iko pale ekseli ya nyuma inapokaa. Fremu za zamani zina mfereji uliolala, unaoruhusu gurudumu kuvutwa nyuma hadi cheni ikaze. Fremu nyingi za kisasa zina mfereji uliosimama wima, gurudumu haliendi mbele wala nyuma, na kwa kuwa fiksi haina kifaa chenye springi cha kuivuta cheni, ulegevu hautibiki kirahisi. Fundi hupima pia upana wa nafasi ya habu. Habu za uwanjani zina milimita 120, ilhali fremu za baadaye ziliachwa milimita 126 au 130. Tofauti hiyo huzibwa kwa washa kila upande, na gurudumu hupangwa upya ili likae katikati.

Kisha unafuata mstari wa cheni. Kutoka katikati ya fremu hadi kwenye meno ya sproketi ya mbele, na kutoka katikati ya habu hadi kwenye meno ya sproketi ya nyuma, vipimo viwili hivyo vinapaswa kulingana. Kwa habu nyingi za uwanjani ni takriban milimita 42. Cheni ikienda mshazari itapiga kelele, italika upesi, na siku mbaya itaruka.

Kwenye habu yenyewe ndiko uhai wa mwendeshaji ulipo. Sproketi hufungwa kwa hesi za kawaida, za kulia, hivyo kila unapopiga pedeli inazidi kukaza. Lakini ukirudisha miguu nyuma ili kupunguza mwendo, nguvu hiyo hutaka kuifungua. Kwa hiyo nje ya sproketi hufungwa nati bapa yenye hesi za kushoto. Sproketi ikijaribu kufunguka inaikaza nati hiyo, na nati inaizuia sproketi. Wapo wanaofunga sproketi kwenye habu ya friwili, isiyo na hesi za nati hiyo, wakaitegemea gundi. Mafundi wenye uzoefu hulikataa jambo hilo moja kwa moja: siku sproketi itakapofunguka ukiwa mteremkoni, miguu haitakuwa na la kufanya.

Baada ya hapo inakuja hesabu ya meno, ambayo waunda fiksi huijadili kwa saa nyingi. Chukua sproketi ya meno 46 mbele na 17 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedeli unazungusha gurudumu mara 2.7 hivi, na kwa tairi ya kawaida ya baiskeli ya mbio, yenye mzingo wa mita 2.1, unasogea karibu mita 5.7. Ukipiga pedeli mizunguko 90 kwa dakika, unakwenda takriban kilomita 30 kwa saa. Meno mengi zaidi mbele yanaongeza mwendo kwenye tambarare na kuongeza mateso mlimani.

Hesabu hiyohiyo inaamua umri wa tairi. Waendeshaji fiksi wengi husimama kwa kugandisha miguu na kuliburuza gurudumu la nyuma, na miguu hugandishwa mahali palepale kila mara. Mwenye meno 48 mbele na 16 nyuma ana uwiano wa tatu kamili, kwa hiyo tairi lake linagusa lami pale pale kila anapoburuza, na sehemu hiyo moja inatoboka wakati pengine pote pangali papya. Akibadilisha sproketi ya mbele iwe ya meno 47, namba hizo mbili hazigawanyiki tena kwa pamoja, na kulika kuleule kunasambazwa kwenye sehemu 16 za tairi. Jino moja tu limemwokolea fedha za matairi.

Cheni nayo haikazwi kama uzi wa gitaa. Ikishikwa katikati inapaswa kucheza juu na chini kama sentimita moja. Anayeisafisha asithubutu kuishika kwa kitambaa huku gurudumu linazunguka. Cheni ya fiksi haisimami kwa sababu imenasa kitu. Gurudumu lenye mwendo huendelea kuivuta, na wapo waliokatwa vidole kwa namna hiyo.

Suala la breki linahitaji kusemwa bila kuzunguka. Uwanjani breki hazihitajiki kwa sababu wote wanakwenda upande mmoja na hakuna mtoto anayevuka. Mjini mambo ni mengine. Miguu huzuia gurudumu la nyuma tu, na nguvu kubwa ya kusimamisha baiskeli iko kwenye gurudumu la mbele. Kanuni za Uingereza za mwaka 1983 zinataka mifumo miwili ya breki inayojitegemea. Miguu ya mwendeshaji fiksi huhesabiwa kuwa mmoja, na breki ya mbele ndiyo wa pili. Mwaka 2016 mwanamke aliyekuwa akivuka barabara London aligongwa na fiksi isiyo na breki ya mbele, akafariki. Mwendeshaji alihukumiwa kifungo mwaka uliofuata. Breki moja nyepesi haiharibu umbo la baiskeli yoyote.

Ujuzi wote huu ulienea kwa sababu watu waliugawa bure. Aliyeugawa kwa ukarimu mkubwa ni Sheldon Brown, fundi wa duka la Harris Cyclery huko Newton, Massachusetts. Aliandika majedwali ya vipimo, maelezo ya hesi na namna ya kuchagua meno kwa lugha ambayo mtu asiyewahi kushika spana angeielewa, akayaweka kwenye intaneti yasomwe na kila mtu. Hata maradhi ya neva yalipomnyima uwezo wa kupanda baiskeli ya kawaida, aliendelea kuandika hadi alipofariki Februari 2008. Mafundi wa nchi nyingi bado wanafungua maandishi yake wanapokwama.

Wengine waligawana spana zenyewe. Los Angeles, mwaka 2002, jiko lisilotumika katika jengo moja la makazi liligeuzwa karakana ya jirani, na ndipo lilipotoka jina la Bicycle Kitchen. Mtu huingia na baiskeli yake mbovu, anayejitolea humwelekeza, lakini mwenye baiskeli ndiye anayefungua nati. Boston, shirika la Bikes Not Bombs, lililoanzishwa mwaka 1984, huwapa vijana nafasi ya kujipatia baiskeli kwa kujifunza kuitengeneza. Baada ya kugawana ujuzi likaja shindano: mwaka 2008, huko Brooklyn, sherehe ya kuzaliwa ya David Trimble iligeuka kuwa mbio za usiku za fiksi katika mitaa ya Red Hook, na baadaye mbio hizo zilikuja kufanyika pia Milano, Barcelona na London.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, vifaa vya kuanzia haviko mbali. Baiskeli ya gia moja ndiyo iliyobeba maji, mkaa na ndizi tangu enzi za babu zetu, na ndiyo iliyoanzisha boda boda kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Kisumu huunganishwa baiskeli za Buffalo, za gia moja na breki ya kurudisha pedeli nyuma, zilizokusudiwa barabara mbovu na mizigo mizito. Marundo ya mtumba kutoka Japani na Ulaya huweza kuwa na fremu za chuma zenye mfereji uliolala, na fundi wa mtaani anayejua kunyoosha ringi kwa kukaza spoki ana sehemu kubwa ya ujuzi unaotakiwa.

Anayetaka kujaribu atafute habu ya pande mbili: upande mmoja unapokea friwili, upande wa pili sproketi ya fiksi pamoja na nati yake. Aanze na friwili na breki mbili zinazoshika, aijue baiskeli yake kwenye njia za kila siku. Halafu, asubuhi moja ya mapumziko, kwenye uwanja mtupu usio na mteremko, aligeuze gurudumu, akaze cheni na nati za ekseli, aache breki ya mbele mahali pake, na azunguke polepole mpaka miguu izoee kutopumzika.