Agra: Mafundi Hawakukatwa Mikono

Ndugu msomaji, kisa cha Taj Mahal wakijua, au wadhani wakijua: ya kwamba mfalme Shah Jahan alipofiwa na mkewe kipenzi alimjengea kaburi lisilo mfano, na kazi ilipokwisha akaamuru mafundi wote wakatwe mikono, wasije wakamjengea mtu mwingine mfano wake. Kisa hiki nilikisikia barazani Mombasa nikiwa mtoto. Nimekisikia tena Chwele, chini ya Mlima Elgon, ambako mimi mtu wa pwani nimekaa miaka mingi nikiuza vitunguu sokoni. Asimulie huyu, asimulie yule, mikono hukatwa tu.

Agra nimefika. Sikwenda kwa utalii, maana mfuko wa mwuza vitunguu hauna nafasi hiyo. Nilimsindikiza khalati yangu kwenda kutibiwa Delhi, kama waendavyo wengi wetu siku hizi, na daktari alipotupa siku tatu za kungojea majibu, khalati mwenyewe akaniambia, "Nenda, mwanangu, ukanitazamie hilo kaburi. Mimi nitalala." Kutoka Delhi ni kiasi cha kilomita 200. Nilikwenda Alhamisi, na laiti ningalingoja kesho yake nisingaliingia, kwani Ijumaa lango hufungwa kwa watalii, wakaachiwa wenyeji waendao kusali katika msikiti uliomo ndani.

Watu wengi hutazama kuba, na kuba lataka kutazamwa kweli. Marumaru zake zilitoka Makrana, katika nchi ya Rajasthan. Nilipoingia asubuhi zilikuwa na rangi ya maziwa. Jua lilipopanda zikawa kali hata macho yakaniuma. Mumtaz Mahal alifariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wake wa 14. Ujenzi ulianza mwaka uliofuata, na kufikia 1643 kaburi lenyewe lilikuwa limekwisha. Upande wa magharibi pana msikiti wa mawe mekundu. Mashariki pana jengo jingine lililo sura moja na msikiti huo, ila halina mihrabu. Lilijengwa ili pande mbili zilingane, nalo huitwa jawabu. Nililielewa bila ya mkalimani.

Langoni imeandikwa Suratul Fajr. Kwenye matao ya kaburi imeandikwa Sura Yasini, ile ile tuwasomeayo maiti wetu. Herufi ni za jiwe jeusi lililopachikwa ndani ya jeupe, na zile za juu ni kubwa kuliko za chini, ili asimamaye chini azione zote sawa. Hapo nilisimama kitambo. Mtu alikaa akafikiri juu ya jicho langu mimi, zaidi ya miaka 300 kabla sijazaliwa.

Na mtu huyo ana jina. Ndani ya kaburi, maandishi yanapokwisha, mwandishi ametia sahihi yake: Abdul Haqq, aitwaye Amanat Khan, Mshirazi, mwaka 1045 wa Hijra, yaani 1635 au 1636. Mshirazi! Sisi ambao wengi wetu, toka Kilwa hata Unguja, twajinasibisha na Shiraz, jina hili hatujapata kufundishwa. La mfalme twalijua.

Mtembezi aliyetuongoza, kijana wa maneno mengi, alikuwa akiwahadithia wageni habari za mikono. Nikamwuliza, "Ikiwa walikatwa, ile Ngome Nyekundu ya Delhi ilijengwa na nani?" Akacheka, akasema wageni hukipenda kisa hicho.

Waama, hesabu yake ni nyepesi. Mjenzi mkuu atajwaye wa Taj ni Ustad Ahmad wa Lahore. Mwaka 1639 mfalme yule yule alianza kujenga Ngome Nyekundu, ikamalizika 1648, na Ustad Ahmad huyo huyo alikuwa miongoni mwa wakuu wa kazi. Alifariki 1649. Mfalme mwenye hamu ya kujenga namna ile akikata mikono ya mafundi amejikata mwenyewe. Wala waandishi wa zama zake hawakulitaja jambo hilo. Tena mafundi wenyewe waliacha alama zao juu ya mawe mekundu: nyota, mshale, samaki, ua. Nyota moja niliigusa kwa kidole changu. (Zingatia pia lile neno Ustad. Kwetu ustadhi ni mwenye chuo na vitabu. Kule hata mpimaji wa kuta huitwa hivyo.)

Kinachoniudhi katika kisa kile si uwongo wake tu. Kinamkuza mfalme kwa mapenzi yake, kisha kinamkuza tena kwa ukatili wake, na fundi hubaki jozi ya mikono isiyo na mwenyewe. Nasi tuna tabia hiyo hiyo. Mihrabu ya Kizimkazi, kule Unguja, ina maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, yamechongwa katika matumbawe kwa usanifu mkubwa. Nani aliyechonga? Msikiti wa Jamia wa Nairobi, wenye kuba tatu za namna ya Kimughal, uliojengwa kati ya 1925 na 1933, hutajwa kwa viongozi wake, waashi je? Na wale Wahindi takriban 32,000, wengi wao watu wa Punjab, walioletwa kutandika reli kati ya 1896 na 1901, karibu 2,500 wakafia kazini, twawajua kwa idadi.

Nasema haya kwa sababu lipo shauri mkononi. Karibu nasi, huku Bungoma, pana msikiti mdogo uliokwisha kujengwa upya, na kamati yake yataka kubandika jiwe mlangoni lenye majina ya waliochanga. Nilipofika kikaoni nikaomba jina la fundi litiwe pia, yule Mbukusu aliyejenga mihrabu kwa matofali ya kuchoma, ikakaa sawa kama iliyopimwa kwa uzi wa hariri. Mzee mmoja akanijibu, "Mwanangu, waliochanga wametoa kwa ajili ya Mungu. Fundi alilipwa." Nikasema, "Mzee wangu, na Amanat Khan naye alilipwa, tena na cheo akapewa." Wakasema watalitazama.

Kesho yake nilimkuta fundi sokoni, nikamweleza nilivyompigania. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema jina si haraka. Ila nikikutana na kamati tena niwakumbushe salio lake la mlango na madirisha mawili.