Kwa nini mashine hulika?



Beringi ikivunjika kiwandani, swali la kwanza huwa: "Nani alikuwa kwenye zamu?" Sisi twaona kwanza iulizwe: chuma hiki kimelikaje?

Jambo hilo lilichunguzwa na Profesa Ernest Rabinowicz, aliyekuwa mwalimu wa uhandisi wa mitambo katika chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 1951, yeye na David Tabor wa Cambridge, Uingereza, walitoa habari za majaribio yao ya kusugua vyuma viwili, kimoja kikiwa na miali ya nyuklia ili chembe zake zifuatwe. Walikuta chembe zimehama kutoka chuma kimoja hadi kingine. Kwa mafuta mazuri, kuhama huko kulipungua kuliko hata msuguano ulivyopungua. Mwaka 1965 Profesa alitoa kitabu kizima juu ya msuguano na kulika kwa vitu.

Chuma hulika kwa njia kubwa 4. Ya kwanza ni hiyo ya vyuma kushikana na kunyofoana. Ya pili ni kukwaruzwa: mchanga unaoingia na miwa, kama ile ya Moso, husaga rola za kiwanda. Ya tatu ni kutu, ambayo ikisuguliwa hutoka, na chuma kilichobaki wazi kikashika kutu tena. Ya nne ni uchovu: chuma kinachobanwa na kuachiwa mara nyingi hupata nyufa, kisha hubanduka vipande.

Tena, kwa kawaida, mzigo ukizidi mara 2, chuma kikavu hulika mara 2. Basi anayetaka mashine ifanye kazi zaidi bila kuongeza muda wa matengenezo anaisogeza siku ya kuvunjika kwake, na walio karibu nayo ni sisi.

Burundi haina bahari. Vipuri vingi hupitia bandari ya Dar es Salaam kabla ya kufika Bujumbura. Kipuri kikikosekana mashine husimama, na kibarua hukosa posho ya siku.

Kwa hiyo, ndugu, tufunike debe la grisi lisiingie vumbi. Tusipake grisi mashine ikizunguka. Tukisikia mlio mpya au kuona joto lisilo la kawaida, tumwarifu msimamizi na tuandike siku na saa katika daftari la zamu. Siku mashine itakapovunjika na lawama kuanza kutafuta mtu, daftari hilo litakuwa shahidi wetu.